Chipukizi Hufuatwa kwa Daftari

Mpunga unapokaribia kuiva katika skimu ya Ndungu, wilayani Same, upande wa mashariki wa milima ya Upare Kusini, kazi ya kulinda huanza alfajiri. Kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na wakiachwa bila bughudha kwa asubuhi moja tu, mkulima hubaki na mabua. Basi vijana husimama kwenye matuta ya majaruba wakigonga madebe, wakipiga mayowe na kurusha mawe kwa makombeo. Wapo wanaosifika kwa shabaha, lakini sifa hiyo huishia hapo hapo kijijini. Mlinda mpunga hapimwi kwa kipima mwendo.

Uganda wamepimwa. David Matoma, aliyezaliwa mwaka 2006, alisajiliwa na klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates ya Marekani akiwa hajafikisha miaka 18, na mpira anaourusha umeshaonekana kwenye kipimo ukipita maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160. Katika besiboli mrushaji na mpigaji hutenganishwa na meta 18.44. Kwa kasi ya Matoma, mpira usiofika gramu 150 humfikia mpigaji kabla ya nusu sekunde kwisha, na ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa auone, aamue na azungushe gongo. Wanaume wanaolipwa mamilioni ya dola hushindwa kazi hiyo kila siku.

Asije mtu akasema kwamba kila mlinda mpunga wa Ndungu ni Matoma aliyejificha. Kombeo na besiboli ni fani mbili, na mkono wenye nguvu ni mwanzo tu wa safari ndefu. Linalovutia katika habari ya kijana huyu ni kilichofuata baada ya mpira wake kupimwa: jina lake liliandikwa, na tangu hapo halijaacha kuandikwa. Kila mpira anaourusha katika mchezo rasmi una kasi yake, aina yake, mahali ulipopita na matokeo yake. Mtu aliyekaa Same mjini, mwenye simu na bando, anaweza kujua Matoma aliwatoa wapigaji wangapi jana na wangapi aliwapa kituo cha bure kwa sababu mpira ulikataa kutii.

Ni lazima tu akubali kukesha. Msimu wa 2024 Matoma alifika Bradenton, mji wa Florida wenye uwanja uliojengwa mwaka 1923, ambako Pirates wana timu yao ya vijana iitwayo Marauders. Mchezo ukianza huko saa 12:30 jioni, Tanzania ni saa 7:30 usiku. Anayetaka kumwona mrushaji wa akiba akiingia kumalizia kazi awe tayari kusikia majogoo ya kwanza.

Ili kuelewa anachokifuata, shabiki wa Simba au Yanga inambidi aweke pembeni jambo moja alilolizoea. Katika soka letu timu ndiyo inayopanda. Timu ya wilaya hushinda Daraja la Nne ikaenda la Tatu mkoani, kutoka hapo ikatafuta First League, kisha Championship, na wachache wenye bahati na fedha hufika Ligi Kuu. Mchezaji hupanda akiwa abiria wa timu yake, au huchomoka akahamia nyingine. Besiboli ya Marekani imepangwa kinyume. Bradenton Marauders hata washinde kila mchezo hawatapanda popote, kwa sababu timu ni ngazi, na anayekanyaga ngazi ni mchezaji.

Ngazi hizo zinahesabika. Klabu za Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani ni 30. Tangu mwaka 2021 kila klabu ina timu nne za ligi ndogo zilizopangwa kwa madaraja: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Jumla ni timu 120, nyingi zikiwa katika miji midogo ambayo Mtanzania hana sababu ya kuijua. Chini yake kuna ligi za kambi za Arizona na Florida, ambako watazamaji ni wachache na jua ni kali, na chini kabisa kuna ligi ya majira ya joto ya Jamhuri ya Dominika. Huko ndiko wanakoanzia wengi wanaosajiliwa kutoka nje ya Marekani wakiwa vijana wa miaka 16 au 17.

Mfumo huu ulibuniwa na Branch Rickey, aliyekuwa akiiendesha St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Klabu yake haikuwa na fedha za kushindana na matajiri wa New York kununua wachezaji waliokwisha kuiva, kwa hiyo akaamua kuwakuza mwenyewe: akanunua timu ndogo za mikoani na kuzigeuza vitalu. Baadaye Rickey aliiongoza klabu ya Dodgers, akiwa huko akamsajili Jackie Robinson na kuuvunja ukuta wa ubaguzi wa rangi katika Ligi Kuu mwaka 1947, kisha akahamia Pirates. Zaidi ya nusu karne baadaye, Dodgers na Pirates ndizo zilizokwenda Uganda kutafuta vijana. Huenda ni sadfa tu. Lakini shabiki wa besiboli haamini sadfa.

Dodgers walitangulia. Mwaka 2022 waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male, Waganda wa kwanza kusaini na klabu ya Ligi Kuu, na njia yao ikapitia chuo cha klabu hiyo huko Jamhuri ya Dominika. Pirates wakafuata na Matoma, na pia Armstrong Muhoozi, mchezaji wa uwanja wa nje. Anayetazama kwa mbali huona ushindi mara tu mkataba unaposainiwa. Wanaofuata chipukizi kwa miaka mingi huona kwamba siku hiyo ndiyo hesabu inafunguliwa.

Na hesabu yenyewe si rafiki. Takriban mmoja kati ya kila kumi wanaoingia ligi ndogo ndiye anayewahi kucheza Ligi Kuu, hata kama ni kwa siku moja. Wengine huachwa, na barua ya kuachwa huja bila sherehe: kocha anakuita ofisini, unafungasha, unatafutiwa tiketi. Warushaji wana balaa lao la ziada kwenye kiwiko. Kano ya upande wa ndani huvumilia kadiri inavyoweza, na mwenye kasi kubwa huitesa zaidi. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji wa Dodgers, Tommy John, upasuaji wa kuweka kano nyingine mahali pa ile iliyokatika, na leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa. Aliyefanyiwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Kwa kijana wa Mpigi au Gayaza, Uganda, mwaka huo ni mrefu mno.

Kuhusu malipo, mambo yalibadilika juzijuzi tu. Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja ukasainiwa mwaka 2023. Kwa mkataba huo, kima cha chini cha mwaka katika Single-A kilipanda hadi dola 26,200, na Triple-A dola 35,800. Vijana walioko Jamhuri ya Dominika hawamo. Yaani wale wanaotoka mbali zaidi na wenye umri mdogo zaidi ndio waliobaki nje ya mlango, na ni ajabu jinsi jambo hilo linavyotajwa mara chache.

Mwafrika wa kwanza kufika juu alikwea ngazi hizo kwa miaka karibu tisa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia katika jengo la klabu ya Randburg Mets, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Akiwa mtoto alikuwa akifungua dirisha, uwanja upo mbele yake. Pirates walimsajili mwaka 2008. Akapitia daraja moja baada ya jingine, akapanda, akashushwa, akapanda tena. Sifa yake ilikuwa udakaji, kwani mikono yake ilikuwa myepesi kupita kiasi. Udhaifu wake ulikuwa gongo, na daftari halikuuficha. Tarehe 26 Aprili 2017 aliitwa Pittsburgh, akaingizwa mchezo ukiwa unaendelea dhidi ya Chicago Cubs, na mara yake ya kwanza kwenda kupiga kama mchezaji wa Ligi Kuu, dhidi ya mrushaji Jon Lester, alipata pigo salama na kufika kituo cha kwanza. Msimu huo alicheza michezo 28 na Pirates, na mwaka uliofuata michezo michache na Toronto. Miaka tisa kwa wiki chache! Kuna watakaosema amepata kidogo. Lakini hao hawajawahi kusubiri basi la timu usiku wa manane kwenye mji usio wao.

Dennis Kasumba ni mfano wa upande mwingine. Ni mdakaji aliyejulikana duniani kwa video zake za mazoezi, akijichosha kwa matairi na vifaa vya kuokoteza katika viunga vya Kampala. Mwaka 2022 alialikwa kucheza Marekani, akanyimwa viza. Mwaka 2023 akaipata, akacheza na Frederick Keys ya Maryland katika ligi ya vijana wanaotafuta kuonekana. Mamilioni walikuwa wamemwona mtandaoni, lakini walimu wa besiboli walihitaji kumwona akirushiwa mipira ya maili 90 na zaidi, na msimu huo haukumzalia mkataba na klabu ya Ligi Kuu. Kujulikana na kupimwa ni mambo mawili, na Kasumba amelipia tofauti hiyo hadharani.

Waganda hawa hawakuchipuka peke yao. Nyuma yao kuna miaka mingi ya kazi ya shule na vilabu, na uwanja uliojengwa na Mmarekani Richard Stanley wilayani Mpigi, kwenye barabara ya Masaka. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda mashindano ya kanda na kupata nafasi ya kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Wangekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Walinyimwa viza. Sababu haikuwa mchezo, ilikuwa karatasi: nyaraka za umri na uzazi hazikulingana na maelezo yaliyotolewa. Saudi Arabia, waliyokuwa wameifunga, ikaenda badala yao. Timu ya Langley, Kanada, iliyokuwa ipangwe nao, ilisafiri hadi Uganda mwanzoni mwa 2012 ili mchezo usipotee, na watoto wa Kampala wakashinda. Baadaye mwaka huo huo timu ya Lugazi ikafika Williamsport kweli, nyaraka zikiwa safi, ikaifunga timu ya Oregon 3–2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4–1, nchi inayozalisha wachezaji wa besiboli kama Mbeya inavyozalisha viazi.

Mtanzania anayesoma habari ya karatasi za mwaka 2011 asicheke. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 nchini Gambia, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Nchi nzima ililia dhuluma, kisha ikanyamaza. Walipofika fainali hizo kwa haki, Gabon mwaka 2017, waliwashika Mali bila kufungana, wakawafunga Angola 2–1, wakafungwa na Niger bao moja, wakarudi nyumbani kwa tofauti ndogo kabisa. Nahodha wao Dickson Job alifuatika, maana alitoka Mtibwa Sugar akaenda Yanga na timu ya taifa, na kila hatua ina tarehe. Kelvin John wa kikosi cha 2019 naye anafuatika, kwa kuwa Genk ya Ubelgiji na baadaye Aalborg ya Denmark huandika kila dakika anayocheza. Wenzao wengi wa vikosi hivyo viwili wamepotea kwenye macho ya umma. Waulize mashabiki wakutajie kumi na mmoja wa kwanza wa 2019 na mahali walipo leo. Watafika wanne au watano, kisha wataanza kutazamana.

Rudi sasa Same. Wilaya hii imekaa mguu mmoja kwenye nyika kavu kandokando ya barabara kuu na reli ya Tanga–Moshi, mguu mwingine mlimani, ambako kilele cha Shengena hufika meta 2,462 na mvua hunyesha kana kwamba ni nchi nyingine. Huko juu, Chome, Vudee, Suji na Mbaga, uwanja wa mpira ni mali adimu kwa sababu tambarare yenyewe ni adimu. Mpira ukitoka nje huweza kuteremka hadi kwenye migomba ya jirani wa chini, na mchezo husimama mpaka mdogo kuliko wote aufuate. Wenye vipaji huonekana mara moja kwa mwaka, katika UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISETA kwa sekondari. Kata huchagua, wilaya huchuja, mkoa hukusanya timu Moshi, kisha taifa.

Ni mfumo mzuri kuliko unavyosifiwa. Unawafikia watoto ambao hakuna skauti wa Dar es Salaam atakayepanda Chome kuwatafuta. Tatizo lake linajulikana kwa kila mwalimu wa michezo: mashindano yakiisha, kumbukumbu inabaki kichwani mwa mwalimu. Aliyefunga mabao matano ngazi ya wilaya akiwa darasa la saba, mwaka unaofuata yuko kidato cha kwanza katika shule nyingine, pengine kata nyingine, na mwalimu mpya hana habari zake. Mwalimu aliyemjua akihamishwa Kigoma, kipaji kile kimehama naye. Miaka minne baadaye kijana hujitokeza kwenye ndondo, watu wanashangaa alikuwa wapi. Alikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni daftari lenye jina lake, tarehe ya kuzaliwa, urefu, mguu anaoutumia, alicheza wapi na alifanya nini.

Lawama hii isielekezwe kwa walimu wa michezo, ambao wengi wao hununua mipira kwa mifuko yao. Lakini daftari la shilingi elfu mbili halihitaji mfadhili, na Wapare si watu wa kufundishwa thamani ya ushahidi. Utani wa zamani unadai kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Watu wenye sifa hiyo wangepaswa kuwa wa kwanza nchini kuwa na rekodi kamili za kila mtoto aliyewahi kupiga mpira Usangi au Gonja.

Besiboli yenyewe imeshaingia Tanzania, na imekuja na daftari lake. Mwaka 2012 Shinya Tomonari, Mjapani aliyekuwa ameanza kazi kama hiyo Ghana, aliupeleka mchezo huu Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Mashindano ya kila mwaka ya shule yakaanzishwa na kupewa jina la Koshien, na mwaka 2018 uwanja wa besiboli ukazinduliwa hapo Azania kwa msaada wa Japani. Mchezo umefika pia mikoani. Sanya Juu, wilayani Siha, ni moja ya shule zilizowahi kupeleka timu, na anayetoka Sanya Juu kwenda Dar kwa basi lazima apite Same. Ndungu inawajua Wajapani kwa njia nyingine, kwa kuwa skimu yake ya umwagiliaji ilijengwa kwa msaada wao mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpunga ulitangulia, gongo bado halijashuka kwenye basi.

Koshien ya asili ni mashindano ya shule za sekondari yaliyoanza Japani mwaka 1915, yakapata uwanja wake karibu na Osaka mwaka 1924, na nchi nzima husimama kuyatazama. Mwaka 1992 kijana aitwaye Hideki Matsui aliogopwa kiasi kwamba wapinzani walimpa kituo cha bure mara tano, kila alipokuja kupiga, bila kumrushia hata mpira mmoja wa kupigika. Shule yake ikatolewa, watazamaji wakatupa takataka uwanjani kwa hasira. Matsui hakuzungusha gongo siku ile, lakini mistari mitano katika daftari la mchezo ilitosha kueleza yeye ni nani. Miaka 17 baadaye alikuwa mchezaji bora wa fainali za Ligi Kuu ya Marekani akiwa na New York Yankees.

Shule inayotaka kuanza besiboli Same ingekuta kikwazo ambacho Dar hakipo kwa uzito huo huo. Upare Kusini ni nchi ya Wasabato. Wamisionari Wajerumani wa kanisa hilo walifika mwaka 1903 na kuweka kituo chao cha kwanza cha Afrika Mashariki kwenye milima hii, na mpaka leo familia nyingi za Suji na Mamba hazifanyi kazi wala michezo siku ya Jumamosi. Ratiba za mashindano ya vijana hupenda Jumamosi. Kijana hodari akikosa fainali kwa sababu ya Sabato, mwandalizi asiye mwenyeji huandika kwamba hakufika, na hiyo ndiyo rekodi yake yote.

Katika ligi ndogo za Marekani siku ya mapumziko ni Jumatatu. Timu hucheza michezo sita mfululizo kutoka Jumanne hadi Jumapili. Msabato atakayefika huko atakutana na swali hilo kila wiki kwa miezi mitano. Si wa kwanza. Sandy Koufax, mrushaji bora wa zama zake akiwa Dodgers, alikataa kurusha mchezo wa kwanza wa fainali za 1965 kwa sababu ulianguka siku ya Yom Kippur, sikukuu kuu ya Wayahudi. Dodgers walifungwa siku hiyo. Koufax alirudi, akashinda mchezo wa tano na wa saba, na Dodgers wakawa mabingwa. Waajiri huwa wavumilivu sana kwa mtu mwenye mkono kama ule, na wagumu kwa aliye na mkono wa kawaida. Wazazi wa Suji watafanya vizuri kulijua hilo mapema.

Maskauti wana lugha yao ya namba. Kila ujuzi wa mchezaji hupewa alama kati ya 20 na 80. Alama 50 ni wastani wa Ligi Kuu, 80 ni kitu kinachoonekana mara chache katika maisha ya skauti. Kasi ya mrushaji huweza kupata 70 wakati uwezo wake wa kulenga unapata 30, na hapo ndipo ugomvi wa mashabiki huanza: je, cha pili kitafundishika? Matoma na vijana wa aina yake wamo katikati ya ugomvi huo. Kasi ni ya kuzaliwa nayo kwa sehemu kubwa. Kulenga ni kurudia, miaka na miaka, mbele ya kocha mwenye subira na kamera isiyochoka. Ndiyo maana mfuatiliaji mwenye uzoefu haangalii mpira wa maili 101 pekee. Huangalia kama mwezi huu kijana ametoa vituo vya bure vichache kuliko mwezi uliopita. Ni furaha ya ajabu, ya kukesha hadi saa tisa usiku kwa ajili ya tarakimu moja iliyopungua.

Usajili wa kimataifa wa klabu za Marekani hufunguliwa tarehe 15 Januari kila mwaka. Kwa mwaka 2025 kila klabu ilitengewa kati ya takriban dola milioni 5 na milioni 7 na nusu kwa ajili ya vijana wa nje, na sehemu kubwa ya fedha hizo huishia Dominika na Venezuela. Waafrika hupata makombo, kwa sasa. Mchezaji lazima awe ametimiza miaka 16, na klabu huchunguza umri kwa ukali, hasa baada ya udanganyifu mwingi wa miaka iliyopita. Cheti cha ubatizo, barua ya mwenyekiti wa kijiji na neno la bibi havitoshi.

Cheti cha kuzaliwa kinachohitajika hutolewa na RITA, na kwa mkazi wa Same huanzia kwenye ofisi za wilaya mjini. Mzazi wa Chome hushuka mlima kwa gari linaloondoka alfajiri, akiwa na tangazo la uzazi kutoka zahanati kama alilihifadhi, au na safari ya pili ya kutafuta kiapo kama halipo. Wengi hungoja hadi mtoto anapotakiwa kujiunga na chuo au kuomba mkopo wa elimu ya juu. Kwa mhasibu mtarajiwa, kungoja huko hakudhuru sana. Kwa mwenye mkono wa kurusha, miaka 16 itakuwa imeshapita.